OK si yetu, hata kama tungependa

Mdosi akikutumia kazi saa nne usiku, unajibu OK. Mpenzi akiandika "tutaongea", unajibu OK, na hiyo ya pili wote tunajua haimaanishi sawa hata kidogo.

Sasa kuna stori inazunguka ati OK ni neno letu. Ati ni Kiwolof cha Senegal, "waw kay", yaani ndiyo yenye mkazo, na lilivuka bahari na watumwa. Si watu wa TikTok walioianzisha. Msomi Mwingereza, David Dalby, aliipigia debe mwishoni mwa miaka ya 1960. Ni stori tamu, na natamani iwe kweli. Lakini kutamani si ushahidi.

Ushahidi uko Boston, Marekani. Miaka ya 1838 na 1839, waandishi wa magazeti pale walikuwa na mchezo wa kuandika maneno vibaya makusudi, halafu kuyafupisha. "All right" wakaigeuza "oll wright", ikawa O.W. Tarehe 23 Machi 1839, gazeti la Boston Morning Post likachapa o.k. na kueleza hapo hapo kuwa ni "all correct", sahihi kabisa, ile ya kuandikwa "oll korrect". Unakumbuka tukiandika "xaxa" na "xema" Facebook, walimu wakilia kwamba tunaua lugha? Ni kitu kile kile.

O.W. ilikufa. OK iliokolewa na siasa. Kwenye uchaguzi wa 1840, Rais Martin Van Buren, mzaliwa wa Kinderhook, New York, aliitwa Old Kinderhook, yaani Mzee wa Kinderhook, na wafuasi wake wakaunda klabu ya O.K. Wapinzani wakageuza herufi hizo kuwa matusi. Wakasema rais aliyemtangulia, Andrew Jackson, alikuwa anaziandika kwenye karatasi za serikali kwa sababu hakujua kuendeleza maneno. Van Buren alishindwa. OK ikabaki.

Haya yote yalifukuliwa na Allen Walker Read wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliyepekua magazeti ya zamani na kuchapisha matokeo 1963 na 1964. Kabla yake kila mtu alikuwa na yake. Rais Woodrow Wilson aliandika "okeh" akiamini ni neno la Wachoctaw, wenyeji wa Marekani.

Najua utaniambia maneno ya watumwa hayakuandikwa magazetini. Ni kweli, na inauma. Lakini ukimya huo hautupi ruhusa ya kujaza chochote tunachotaka. Tukitaka neno la kujivunia, si tuko na "safari"? Waingereza walilichukua kwa Kiswahili na hakuna anayebisha.

Kama uko na karatasi ya kabla ya 1839 inayounganisha waw kay na OK ya Boston, weka hapo chini. Nitaisoma yote.