Kutoka Pwani Hadi Milima ya Nguru: Historia Fupi ya Misheni Zilizozaa Jimbo la Morogoro

Tarehe 7 Machi 2025 Papa Fransisko aliunda Jimbo la Bagamoyo kwa kumega sehemu ya Jimbo Kuu la Dar es Salaam na sehemu ya Jimbo la Morogoro. Askofu wake wa kwanza akawa Mhashamu Stephano Musomba, Mwagustiniani, aliyekuwa askofu msaidizi wa Dar es Salaam. Siku tatu kabla ya tangazo hilo misheni ya Bagamoyo ilikuwa imetimiza miaka 157. Mama aliyezaa majimbo mengi naye hatimaye amepata jimbo linaloitwa kwa jina lake, na ni wakati mzuri wa kukumbuka alivyozaa.

Historia hii mara nyingi husimuliwa kwa majina ya mapadre na maaskofu. Wanastahili kutajwa, nami nitawataja. Lakini ukifuata njia ilivyopanda kutoka baharini hadi Mhonda, Mandera, Morogoro na Matombo, unakuta waliotembea juu yake wakiwa na jembe, sufuria na watoto mgongoni ni watu waliowahi kuuzwa. Hao ndio waanzilishi ninaotaka kuwaweka mbele.

Mwanzo ulikuwa Unguja. Desemba 1860 padre Armand Fava alifika kutoka kisiwa cha Réunion pamoja na mapadre wenzake na masista wa Mabinti wa Maria. Wakafungua hospitali, shule na karakana, na vijana wakaanza kujifunza useremala na uhunzi. Mwaka 1863 kazi hiyo ilikabidhiwa Shirika la Roho Mtakatifu, chini ya Padre Antoine Horner kutoka Alsace.

Inafaa kusimama kidogo kwa masista hao, maana hupitwa haraka mno. Shirika lao lilianzishwa Réunion mwaka 1849, mwaka mmoja tu baada ya Ufaransa kufuta utumwa katika makoloni yake, nalo lilipokea hata wanawake waliokuwa watumwa mpaka juzi yake. Kwa hiyo mtoto aliyetolewa katika soko la Unguja, akilia kwa lugha isiyofahamika na mtu pale, aliweza kupokelewa na shirika ambalo baadhi ya wanachama wake walizijua pingu.

Mmoja wa waliofika mikononi mwao ni Suema, binti wa Kiyao. Alitekwa pamoja na mama yake, akamwona mama akidhoofika na kuachwa njiani, naye akafika Unguja akiwa hoi kiasi kwamba walioona hana faida wakamzika mchangani angali hai. Kijana mmoja alisikia kilio, akamfukua, akampeleka kwa masista. Alipona, akabatizwa, akahudumia wagonjwa. Masimulizi yake yaliandikwa kwa Kifaransa na kuchapishwa Ulaya mwaka 1870 ili kuwagusa wafadhili, kwa hiyo sauti tunayoisikia imepita katika kalamu za wengine. Hata hivyo ni miongoni mwa sauti chache sana za watumwa wa pwani yetu zilizotufikia, na mimi naona kila mtoto wa kipaimara Tanzania angepaswa kulijua jina la Suema.

Horner alitaka ardhi. Unguja ilikuwa finyu, na mji wenyewe ulikuwa na soko la watu lililofanya biashara mchana kweupe. Sultani Majid alimpa eneo Bagamoyo, mji ambako misafara ya pembe za ndovu na watumwa kutoka maziwa makuu ilimalizia safari. Tarehe 4 Machi 1868 misheni ikaanza. Msalaba ulioko ufukweni unaonyesha mahali wamisionari waliposhukia, na kutoka huko njia inaingia misheni katikati ya miembe iliyopandwa mwaka 1871. Miembe hiyo bado inatoa kivuli.

Fedha za kuwakomboa watoto zilitoka kwa sehemu kubwa kwa watoto wenzao wa Ulaya, kupitia Utoto Mtakatifu, chama kilekile ambacho leo kina watoto katika parokia zetu nyingi. Baada ya mkataba wa Juni 1873, ambao ulimlazimisha Sultani Barghash, mrithi wa Majid, kufunga soko la Unguja, wengi walikuja kwa njia nyingine: manowari za Waingereza zilikamata majahazi yenye watumwa, na konsuli wao akawagawa waliokombolewa kwa misheni mbalimbali.

Maisha ndani ya misheni yalikuwa ya kengele. Sala, shamba, shule, karakana, sala tena. Vijana walipokua waliozeshwa, wakapewa nyumba na kipande cha shamba katika kijiji cha Kikristo, na sehemu ya juma walifanya kazi ya misheni. Tuseme ukweli wote: watu hawa hawakuulizwa kama wanataka kuja, na sheria za wamisionari zilikuwa kali. Wengine walitoroka. Wengine walinung'unika, wakadai malipo, wakajadiliana. Kwangu mimi hilo haliwapunguzii heshima hata chembe. Mtu aliyewahi kuhesabiwa kama mzigo ana haki ya kuuliza jasho lake linakwenda wapi, na wale waliobaki, wakajenga, wakalea watoto katika imani ile, walibaki wakijua kwamba wenzao walikuwa wameondoka.

Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kilipiga Unguja na pwani, kikabomoa majengo ya misheni. Kazi ikaanza upya. Kanisa la mawe lenye mnara lilijengwa mwaka huohuo, na nyumba ya mapadre ikaanza mwaka uliofuata. Mikono iliyopasua matumbawe, kuchoma chokaa na kubeba boriti ilikuwa ya wakazi wa kile kijiji.

Ni katika kanisa hilo, tarehe 24 Februari 1874, ulipolazwa mwili wa mpelelezi David Livingstone baada ya kubebwa kwa miezi kutoka Chitambo, katika Zambia ya leo. Wageni huja Bagamoyo kwa ajili ya habari hiyo, na ule mnara wameuita kwa jina lake. Mimi huwaza zaidi juu ya waliombeba. Chuma, aliyewaongoza wapagazi hao pamoja na Susi, alikuwa mtoto aliyekombolewa kutoka msafara wa watumwa. Usiku ule, mbele ya kanisa lililojengwa na waliokombolewa, walipumzika wapagazi ambao wengine wao nao walikuwa wamekombolewa.

Kuna pia mbuyu maarufu wa misheni, wenye kipande cha mnyororo kinachochomoza kwenye shina. Wageni wengi hudhani ni mnyororo wa watumwa. Inasimuliwa kwamba Madame Chevalier, Mfaransa aliyehudumia wagonjwa pale, alikuwa akimfunga punda wake hapo, na mti ukakua ukaumeza mnyororo. Pingu za watu zipo, lakini ziko ndani ya makumbusho, katika jengo lililokuwa nyumba ya masista. Ni nzito kuliko unavyotazamia.

Kisha ikaja hatua iliyofanya Bagamoyo kuwa zaidi ya makazi ya waliokombolewa. Mwaka 1870 Horner alikuwa amesafiri bara hadi Ukami kutazama nchi. Mwaka 1877 misheni ya kwanza ya bara ilifunguliwa Mhonda, chini ya milima ya Nguru, mahali penye maji mengi na udongo mweusi. Mpango ulikuwa huu: padre haendi peke yake. Anakwenda na familia za Kikristo kutoka Bagamoyo, wajenge kijiji, walime, wasali hadharani, na wenyeji waone. Mandera ikafuata mwaka 1881, Morogoro 1882, Tununguo 1884.

Hebu fikiria familia moja ya namna hiyo. Mume labda ametoka Unyanja, mke Umanyema. Wamekutana Bagamoyo, lugha yao ya nyumbani ni Kiswahili kwa sababu hawana nyingine ya pamoja. Sasa wanafika kwa Wanguru au Wakwere, watu wenye koo zao, matambiko yao na makaburi ya babu zao, na wao hawana ukoo wa kuutaja. Wanaanza kulima. Jirani anakuja kuazima moto, mtoto anaugua, mganga anaitwa au haitwi, kengele inalia. Dini ilianza kueleweka katika ujirani huo wa kila siku kabla haijaeleweka katika katekisimu. Padre alikuwa mgeni mwenye nguo nyeupe na malaria, na mara nyingi hakudumu. Makaburi ya wamisionari Bagamoyo yana vijana wengi ajabu, wengine hawakufika miaka thelathini. Padre alipozikwa, zile familia ndizo zilizoendelea kugonga kengele.

Mwaka 1888 pwani ilichafuka. Abushiri bin Salim aliongoza vita dhidi ya Kampuni ya Wajerumani, na Bagamoyo ikawa uwanja wa mapigano. Misheni, ikiongozwa na Padre Étienne Baur, ilifungua eneo lake, na maelfu ya watu wakakimbilia huko, Waislamu na Wakristo. Abushiri mwenyewe aliheshimu mahali pale. Habari hii inasaidia kueleza amani ambayo misheni imeishi nayo hadi leo katika mji ambao wakazi wake wengi ni Waislamu.

Kutoka Bagamoyo matawi yalizidi kwenda mbali. Mwaka 1890 Askofu Raoul de Courmont, pamoja na Padre Alexandre Le Roy, walifika Kilimanjaro na kuchagua Kilema. Mwanazuoni wa misheni, Padre Charles Sacleux, alikaa miaka mingi akikusanya maneno na mimea, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, iliyotoka kuanzia mwaka 1939, bado inafunguliwa na wataalamu. Alifunzwa maneno hayo na wavuvi, wanafunzi na wakulima wa Bagamoyo, ambao kamusi haikuweza kuwaorodhesha.

Mji wenyewe ulianza kufifia. Wajerumani walihamishia makao makuu Dar es Salaam mwaka 1891, na reli ya kati ilipofika Morogoro mwaka 1907, mizigo iliyokuwa ikipita Bagamoyo ikapata njia nyingine. Vikarieti ya Bagamoyo, yaani eneo la kimisheni ambalo bado halijawa jimbo, iliundwa mwaka 1906 chini ya Askofu François-Xavier Vogt, lakini uzito wa kazi ulikuwa ukihamia bara. Mwaka 1910 Kilimanjaro ikatengwa, mwaka 1935 ikafuata Dodoma. Kanisa kubwa jipya la Bagamoyo, lililokamilika mwaka 1914, lilijengwa wakati ambapo mji wake ulikuwa umeshaanza kulala.

Uluguru ikawa moyo mpya. Matombo ilifunguliwa mwaka 1897, Mgeta ikafuata juu milimani. Huko wamisionari walikutana na jamii yenye mpangilio wake imara: kwa Waluguru ukoo na ardhi hupitia kwa mama, na mjomba ana neno juu ya watoto wa dada yake. Katekisimu ilizungumza juu ya baba kama kichwa cha nyumba. Ilichukua vizazi kupatana, na katika ndoa nyingi za Matombo mjomba bado anakaa mahali pake, padre yupo, na mambo yanakwenda.

Aliyefanikisha mapatano hayo ni katekista. Padre mmoja aliweza kuwa na vigango vingi vilivyotawanyika kwenye miteremko ambako mvua ikinyesha hakupitiki. Katekista aliishi hapohapo. Alifundisha watoto herufi na sala kwa ubao mmoja chini ya paa la nyasi, akaongoza ibada ya Jumapili isiyo na padre, akazika, akapatanisha wagomvi, akabatiza katika hatari ya kufa, kisha Jumatatu akaenda shambani kwake kwa sababu posho haikutosha. Mpaka leo katika parokia nyingi za milimani hali si tofauti sana, na mimi naona ni deni ambalo majimbo yetu hayajalilipa.

Chini ya Askofu Bernard Hilhorst, Mholanzi aliyeongoza vikarieti tangu mwaka 1934, mabinti wa hapa walipata shirika lao, Masista wa Moyo Safi wa Maria wa Mgolole. Wamekuwa wakunga, wauguzi na walimu katika sehemu ambazo gari halifiki. Tarehe 25 Machi 1953 vikarieti ya Bagamoyo ikawa Jimbo la Morogoro. Herman van Elswijk aliliongoza hadi mwaka 1966, ndipo Adriani Mkoba akawa mwenyeji wa kwanza kukalia kiti hicho, akafuatiwa na Telesphor Mkude mwaka 1993, na sasa Lazarus Msimbe, Msalvatoriani.

Mgawanyo wa mwaka 2025 unafungua kazi moja ya haraka. Mipaka inapochorwa upya, makabati huhamishwa, na makabati ya parokia kongwe yana vitabu vya ubatizo na ndoa vya karne ya 19. Katika vitabu vya namna hiyo, mstari kwa mstari, mapadre waliandika jina la ubatizo, umri wa kukisia, kabila, na jina la msimamizi. Humo ndimo walimo waliokwenda Mhonda na Mandera. Mchwa, unyevu na kuhama ofisi vimeshakula vya kutosha. Majimbo yote mawili, Morogoro na Bagamoyo, yapige picha kila ukurasa kabla ya jambo jingine lolote, kisha majina yasomwe kwa sauti kanisani Novemba, mwezi wa marehemu, kigango kwa kigango, ili wajukuu wa Mhonda na Mandera wajue wametoka kwa nani.