Kiswahili na Mlango wa Kazi ya Serikali

Si jambo geni katika nchi zetu mwombaji wa kazi ya serikali kupimwa kwa lugha. Rwanda ilipokuwa sehemu ya koloni la Wajerumani la Afrika ya Mashariki, Kiswahili kilikuwa lugha ya utawala, na karani asiyekijua hakufika mbali. Maofisa wenyewe walifundishwa Kiswahili katika chuo kilichofunguliwa Berlin mwaka 1887. Wabelgiji walipoitwaa nchi mwaka 1916, Kifaransa kikaja kushika nafasi hiyo. Hapa Gisenyi, hata hivyo, Kiswahili hakikuhama: kilibaki sokoni na katika njia ya Goma, lakini mbali na meza ya karani.

Tuitazame Ayalandi. Tangu mwaka 1925 mwombaji wa kazi nyingi za serikali huko alilazimika kujua Kiayalandi. Sharti hilo likaondolewa mwaka 1974. Wengi walifaulu mtihani, ila nyumbani waliendelea kusema Kiingereza. Sharti lilimfikisha mtu mbele ya wasaili; halikumpa wa kuzungumza naye.

Kwetu mambo ni kinyume. Wa kuzungumza naye yupo, na tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda. Kinachopungua ni maandalizi. Kijana ajuaye kupatana bei si lazima ajue kuandika taarifa, kusoma waraka au kujibu wasaili kwa lugha fasaha. Kazi hiyo, walimu wenzetu, ni yetu.