Cheti cha Rangi

Miaka michache iliyopita mwanafunzi wangu mmoja aliandika katika tasnifu yake kwamba nukta zinazotenga vipande vya utenzi fulani, katika mswada wa hati ya Kiarabu, zimetiwa kwa wino uliofifia, wenye kukaribia hudhurungi. Mswada huo nimeushika kwa mikono yangu. Nukta zile ni nyekundu. Kijana hakusema uongo. Aliisoma picha ya kompyuta, na picha ilikuwa imepoteza cheti chake.

Rangi iliyomo katika picha ya namna hiyo ni hesabu tu. Kila nukta ya picha huandikwa kwa tarakimu tatu, ya wekundu, ya kijani na ya buluu, aghalabu kati ya 0 na 255. Aandikaye 200, 30, 30 amesema wekundu, lakini hajasema wekundu gani, maana kioo kimoja huufanya damu na kingine tofali.

Kutafuta kipimo cha rangi kulitangulia kompyuta. Katika miaka ya 1920, huko Uingereza, W. David Wright na John Guild, kila mmoja kwa chombo chake, waliwaketisha watu wakawataka wailinganishe rangi moja kwa kuchanganya mianga mitatu. Wright alikuwa na watazamaji 10, Guild 7. Juu ya macho ya watu hao 17 kulijengwa, mwaka 1931, kipimo cha kimataifa ambacho hata leo ndicho mizani. Ni mashahidi wachache mno kwa ulimwengu mzima, lakini ushahidi wao umesimama.

Mwaka 1993 makampuni manane, Adobe, Apple, Kodak na Microsoft yakiwamo, yaliunda umoja wa mambo ya rangi. Yaliafikiana kwamba faili ichukue ndani yake profaili, yaani cheti cha kueleza tarakimu zisomwe kwa kipimo gani. Mwaka 1996 Hewlett-Packard na Microsoft walileta sRGB, kipimo chembamba kilichofuata vioo vya siku zile.

Kisa cha mwaka 1998 chastahili kukaliwa kidogo. Waundaji wa Photoshop 5.0 walitaka kutia kipimo cha televisheni kiitwacho SMPTE 240M. Walinakili tarakimu zisizokuwa za kanuni yenyewe, na katika kunakili wakakosea hesabu ya wekundu. Kosa lilipojulikana, watu walikwisha kukipenda kipimo kile, kwa kuwa kilienea rangi za kijani ambazo wachapaji walizihitaji. Hakikusahihishwa, kilipewa jina jipya, Adobe RGB (1998). Sisi tunaohariri miswada twamjua vema mnukuzi wa aina hiyo.

Picha ya mwanafunzi wangu ilitengenezwa katika kipimo hicho kipana, kisha ikahifadhiwa bila profaili. Kompyuta yake, kwa kukosa habari, ilizisoma tarakimu kama za sRGB, na wekundu ukafifia. Kulikuwa na njia mbili za kuizuia hasara hiyo: kuiacha profaili ndani ya faili, au kuigeuza picha kwa sRGB kabla ya kuihifadhi, ambako tarakimu hubadilika ili rangi isibadilike. Kubandika profaili ni kinyume chake: tarakimu hubaki, na rangi ionekanayo ndiyo hubadilika. Nilipoirudishia faili ile profaili yake, hakuna tarakimu iliyoguswa, na nukta zikawa nyekundu. Tasnifu ilikuwa imekwisha kujalidiwa.