Kabla ya kucheka aliyelala chini ya gari

Jumamosi nilikuwa chini ya Prado ya mjomba hapa Malindi, nafunga sampu gadi. Jirani akapita: "Mwanangu, umeacha chuo uje kulala mchangani?" Nilinyamaza. Jibu ni hili.

Safari Rally ilianza 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Mawe na matope hayakujali gari la nani. Mwaka 1965 akashinda Joginder Singh, fundi mzaliwa wa Kericho, na nduguye Jaswant, kwa Volvo PV544 iliyokwishatumika. Akashinda tena 1974 na 1976. Wakamwita Simba wa Kenya. Hakuanza na cheti, alianza na spana.

Kesho twaenda Marafa. Jiwe likigonga, ligonge chuma, oili ibaki ndani. Jirani, nafasi ipo, karibu.