Madini ya Nchi ya Chai

Ukiuliza Litein, Sotik au Mogogosiek kama eneo hilo lina madini, utajibiwa kwamba halina. Dhahabu iko Migori na Kakamega, magadi yako Ziwa Magadi, vito viko Taita Taveta, titani ilitoka Kwale. Huku kuna mvua na majani chai. Jibu hilo ni sahihi iwapo madini ni mali ya kuchimbwa na kuuzwa. Kwa mwanajiolojia si sahihi hata kidogo, kwa sababu kila kiganja cha udongo mwekundu wa Kericho na Bomet kimejaa madini. Maana hizi mbili zinaishi ndani ya neno moja, na kazi ya mtunga istilahi ni kusema ipi inatawala wapi. Ninashikilia kwamba neno madini linatosha kubeba maana ya kijiolojia, ila kwa sharti moja: kinachoyatambulisha kiwe jinsi atomi zilivyopangwa, si bei sokoni wala kuwapo kwa mgodi. Nchi ya chai inafaa sana kwa hoja hii, maana huko hakuna dhahabu ya kutuvuta macho tukasahau udongo wenyewe.

Neno tulilipata kutoka Kiarabu. Asili yake ni mahali kitu kilipotulia na kukaa, hasa mgodi, kisha likawa jina la kile kinachotolewa humo. Kiswahili kikachukua maana hii ya pili, na ndiyo iliyoenea. Wapo wanaosema kwamba neno lenye mgodi ndani yake haliwezi kuwa istilahi ya sayansi, hivyo afadhali tutohoe tuseme minerali. Hoja hiyo inajivunja yenyewe. Neno linalopendekezwa kutoholewa nalo lilitoka mgodini: Kilatini cha zama za kati kilikuwa na minera, jiwe lenye kitu cha kuchimbwa, na wanasayansi wa Ulaya hawakulitupa bali walipanua maana yake karne hadi karne. Kutohoa kungetupa historia ileile ya mgodi kwa sauti ngeni. Ugumu wa kweli ni wa kisarufi: madini hayana umoja, kwa hiyo mwandishi anayetaka kutaja moja tu analazimika kusema aina ya madini. Ni mzigo mdogo, na walimu wa jiografia wameubeba muda mrefu bila kuanguka.

Wanajiolojia huita madini kitu yabisi, kilichotokea kiasili, chenye kanuni ya kikemia inayojulikana, na ambacho atomi zake zimepangwa kwa mfumo unaojirudia pande zote. Mfumo huo ndio tunaouita fuwele. Msomaji akisikia fuwele huwaza kitu kinachong'aa, chenye kingo kali. Lakini fuwele ni mpangilio, na mng'ao ni matokeo yake pale tu punje inapopata nafasi ya kukua. Kericho ina mfano ambao kila mkulima anaujua, nao ni mvua ya mawe. Eneo hili na Milima ya Nandi hupigwa na mvua ya mawe mara nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia, na chipukizi za chai huchanika vibaya. Jiwe hilo la barafu ni madini kwa kila kipimo: ni yabisi, ni la asili, lina haidrojeni na oksijeni kwa uwiano usiobadilika, na molekuli zake zimejipanga katika pembe sita. Likiyeyuka mtaroni molekuli ni zilezile, lakini mpangilio umepotea na madini yametoweka. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ndege zilitumwa kumwaga iodidi ya fedha katika mawingu ya nchi ya chai ili kupunguza mvua hiyo. Kemikali hiyo ilichaguliwa kwa kuwa fuwele yake inakaribiana mno na fuwele ya barafu kwa umbo na vipimo, jambo lililogunduliwa Marekani mwaka 1946. Maji ya wingu huikuta na kuganda juu yake kana kwamba ni barafu. Wanaodhani mpangilio wa atomi ni mambo ya maabara tu hawana budi kuufikiria mfano huu.

Mfano wa upande wa pili wa mpaka, wa vitu visivyo madini, uko Naivasha na Eburru. Kule kuna kioo cheusi cha volkano ambacho watu wa kale walikichonga visu. Kina silikoni, alumini na oksijeni, vitu vilevile vya madini mengi, lakini lava yake ilipoa haraka kiasi kwamba atomi hazikupata muda wa kupangika. Ni kigumu, ni cha asili, ni kizuri kwa macho, wala si madini.

Sasa turudi kwenye udongo. Chini ya mashamba ya Kericho kuna fonolaiti, lava iliyomwagika zaidi ya miaka milioni 10 iliyopita. Jina lake kwa Kigiriki ni jiwe la sauti, kwa kuwa bamba lake likigongwa hulia. Fonolaiti ni mwamba, na mwamba ni mkusanyiko wa madini. Kuchanganya maneno haya mawili ni kosa linalojirudia katika vitabu vya shule. Ndani ya mwamba huu kuna hasa feldispa na nefelini. Katika feldispa ya potasiamu, kila atomi moja ya potasiamu huandamana na alumini moja, silikoni tatu na oksijeni nane. Silikoni huzungukwa na oksijeni nne, hizo hushirikiana na jirani zake, na kimia chote hushikana kwa nguvu pande zote. Mvua ya Kericho, inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, hubeba asidi hafifu kutoka hewani na kwenye majani yanayooza. Asidi hiyo huing'oa potasiamu na sodiamu, kisha huondoa sehemu ya silikoni, na maji huvibeba vitu hivyo kupitia Mto Sondu hadi Ziwa Viktoria. Alumini na chuma haviyeyuki kwa urahisi, hivyo hubaki. Kutokana na mabaki hayo huzaliwa madini mapya, kaolinaiti, ambayo kwa kila alumini moja ina silikoni moja tu. Hesabu ni rahisi kuifuata: pale feldispa ilipokuwa na silikoni tatu, mvua imeondoka na mbili.

Kaolinaiti, ambayo imepewa jina la kilima cha Gaoling huko China kilikochimbwa udongo wa kaure, haionyeshi ufuwele wake kwa jicho. Vibamba vyake ni vidogo kuliko sehemu ya mia ya milimita, na kwa mkono ni udongo wa kuteleza tu. Ushahidi ulikuja kwa eksirei. Mwaka 1912 Max von Laue alionyesha kwamba miale hiyo ikipita kwenye fuwele hutawanyika kwa utaratibu maalumu, mwaka uliofuata William na Lawrence Bragg wakaanza kusoma mipangilio ya atomi kutokana na mtawanyiko huo, na mwaka 1930 Linus Pauling akaeleza jinsi matabaka ya kaolinaiti yanavyokaa. Kila bamba lina tabaka moja la silikoni na oksijeni lililoshikana na tabaka moja la alumini, na bamba moja hufungwa kwa jingine na haidrojeni, kama kurasa za kitabu kilichobanwa. Maji hayapenyi kati ya kurasa hizo.

Teremka sasa hadi Uwanda wa Kano, karibu na Ahero. Udongo mweusi wa kule una madini ya kundi la smektaiti. Vitu vinavyoyajenga ni karibu vilevile, silikoni, alumini, oksijeni na haidrojeni, lakini kila bamba lina matabaka mawili ya silikoni yaliyobana moja la alumini, na kati ya bamba na bamba mshiko ni legevu. Maji huingia humo, udongo huvimba. Kiangazi kikija hupasuka nyufa pana. Mizizi ya chai haiwezi kuvumilia hali hiyo. Udongo wa Kericho hauvimbi, hupitisha maji vizuri, na una tindikali ambayo chai huipenda, kiwango cha pH cha kati ya 4.5 na 5.6 hivi. Tindikali hiyo huyeyusha alumini kiasi cha kuumiza mizizi ya mimea mingi, ila mchai huifyonza na kuilimbika katika majani yake makuukuu bila madhara. Lakini kuna gharama yake: mabamba ya kaolinaiti yana chaji ndogo sana, kwa hiyo hushika virutubishi vichache, na ndiyo maana mkulima wa Konoin na wa Bureti hununua mbolea ya NPK mwaka baada ya mwaka. Anayemwambia mkulima huyo kwamba udongo wake hauna madini anamficha sababu yenyewe. Madini anayo tele. Ni ya aina isiyoshika chakula cha mmea.

Sifa tunazofundisha shuleni za kutambua madini, yaani ugumu, mpasuko, mng'ao na rangi ya unga, zote hutokana na mpangilio huo huo wa atomi. Katika kipimo cha Friedrich Mohs cha mwaka 1812, feldispa ina ugumu wa 6 na kaolinaiti hukaribia 2, kwa kuwa kimia kilichoshikana pande zote kimegeuka mabamba yanayoteleza. Hematiti, oksaidi ya chuma, huweza kuwa jiwe la kijivu lenye mng'ao, lakini ukiikwaruza kwenye kigae hutoa unga mwekundu. Punje zake ndogo mno ndizo zinazoupa udongo wa Kericho rangi yake. Hata thamani yenyewe haina uhusiano wa lazima na malighafi. Tanzanaiti ya Mirerani, iliyogunduliwa mwaka 1967, imejengwa kwa alumini, silikoni, oksijeni na haidrojeni, sawa na udongo wa chai, ikiongezwa kalsiamu na chembe za vanadi.

Pingamizi zito zaidi ni la kisheria. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, inayaweka madini yote miongoni mwa ardhi ya umma. Je, tukisema udongo wa shamba ni madini, hatumtishi mwenye shamba? Hapana, kwa kuwa katiba yenyewe inasema ni madini kama yalivyofafanuliwa na sheria, na Sheria ya Madini ya mwaka 2016 ina ufafanuzi wake unaojumuisha hata vimiminika na gesi, huku ikiyatoa mafuta ya petroli na maji ya ardhini. Mwanajiolojia hakubali kimiminika. Sheria haijali fuwele. Kila fani ina mipaka yake, na kinachotakiwa ni mwandishi kutaja anaandika katika fani ipi. Kwa kile kinacholipa kuchimbwa tunalo neno mbale, na inasikitisha kwamba halitumiki vya kutosha.

Pingamizi la lishe sitalikubali kwa upole kiasi hicho. Tumezoea kusema madini ya chuma yaliyo katika managu, na madini ya potasiamu yaliyo katika mfuko wa mbolea. Kilichomo katika managu ni chuma kilichofungwa ndani ya mmea, hakina fuwele wala hakikutoka hivyo ardhini. Huko neno kirutubishi linatosha, na penye haja ya usahihi tuseme elementi. Udongoni tofauti hii ina uzito mkubwa zaidi: potasiamu iliyofungwa ndani ya feldispa haifikiwi na mzizi mpaka mwamba uoze, iliyoshikwa kando ya bamba la kaolinaiti hufikiwa, na iliyoyeyuka katika maji hufyonzwa leo au husombwa na mvua ya kesho. Ripoti ya upimaji wa udongo inayoandika tu kwamba madini ya potasiamu ni haba imezichanganya hali hizo tatu. Ingeandika kwamba potasiamu inayofikiwa na mizizi ni haba, na kwamba madini ya udongo huu ni kaolinaiti, mkulima angejua kwamba kumwaga mbolea yote kwa mkupuo mmoja kabla ya mvua kubwa ni kuipeleka Sondu.