SOMO LA HISTORIA: POMBE NA USUKANI

Leo tutajibu swali la kikundi cha Ipagala, Dodoma. Wanauliza: dereva akikana kwamba amelewa, hakimu atajuaje ukweli?

Swali hili ni la zamani kuliko motokaa. Mwaka 1872 Uingereza ilitunga sheria ya kumwadhibu mlevi aliyeshika gari la farasi, ng'ombe, au mtambo wa mvuke barabarani. Adhabu ilikuwa faini isiyozidi shilingi 40, au kifungo kisichozidi mwezi mmoja. Mwaka 1897 George Smith, dereva wa teksi ya umeme mjini London, aligonga jengo. Yeye alikiri kosa, akatozwa faini.

Lakini wengi hawakiri. Askari alishuhudia kwamba mtu alinuka pombe na kuyumba. Mshtakiwa akajibu kwamba alikuwa mgonjwa, au amechoka. Basi mwenye hatia aliweza kuponyoka, na asiye na hatia aliweza kufungwa.

Dawa yake ilikuwa kupima. Mwaka 1936 Norwei iliweka katika sheria kiwango cha pombe katika damu. Mwaka 1954 Robert Borkenstein wa Marekani alibuni chombo cha kupima pumzi. Uingereza ikafuata mwaka 1967, kwa kiwango cha miligramu 80 katika mililita 100 za damu.

Hapa kwetu Bunge lilitunga Sheria ya Usalama Barabarani mwaka 1973, mwaka ule ule TANU ilipoamua makao makuu yahamie Dodoma. Sheria hiyo ina makosa mawili. La kwanza ni kuendesha hali ulevi umekuondolea uwezo wa kukimudu chombo. La pili ni kupita kiwango, nacho ni miligramu 80 vilevile. Kwa kosa hili la pili, kusema "sikuyumba" hakukuokoi. Adhabu ni faini au kifungo, na leseni yaweza kuondolewa. Pikipiki nayo ni chombo cha moto. Mwendesha bodaboda asidhani amesahauliwa.

Angalieni jambo moja. Chupa ya bia imeandikwa nguvu yake, lakini kibuyu cha pombe ya mtama hakikuandikwa kitu. Mnywaji hawezi kujipima kwa macho, wala mazoea hayapunguzi kilichomo katika damu. Aliyekunywa na aende kwa miguu.

Maswali ya kikundi:
1. Kwa nini ushahidi wa macho peke yake haukutosha?
2. Kipimo kinamlindaje dereva asiye na hatia?
3. Kilabuni kwenu, nani atamzuia mwenzake asishike usukani?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.