Kebo ya dishi

Kebo ya dishi ni kebo ya koaksi inayounganisha dishi la satelaiti na king'amuzi cha televisheni. Hubeba vitu viwili kwa wakati mmoja: mawimbi ya picha na sauti yanayotoka kwenye LNB (kifaa kilicho mbele ya dishi), na umeme mdogo unaotoka kwenye king'amuzi kwenda kuendesha LNB hiyo. Kwa hiyo kebo ikiwa ndefu mno au duni, hasara huwa mbili: mawimbi hufifia njiani na volteji hushuka.

Muundo

Kebo ya koaksi ina tabaka nne zenye mhimili mmoja. Katikati upo waya wa kati, unaozungukwa na kihami cha plastiki, kwa kawaida cha povu. Juu ya kihami kuna ngao ya karatasi ya alumini na wavu wa nyaya nyembamba, na nje kabisa kuna ganda la plastiki. Ngao huzuia mawimbi ya nje yasiingie, na pia ni njia ya kurudishia umeme. Mwingereza Oliver Heaviside alipata hataza ya kebo ya namna hii mwaka 1880.

Kebo za televisheni zina impedansi ya ohmu 75. Zile za ohmu 50 hutumika zaidi kwenye redio za mawasiliano.

Aina

* RG-59 ni nyembamba na hupoteza mawimbi mengi. Haifai kwa dishi lililo mbali.
* RG-6 ndiyo ya kawaida majumbani. Waya wake wa kati una unene wa milimita 1 hivi.
* RG-11 ni nene na ngumu kukunja, lakini hupoteza mawimbi machache kuliko RG-6. Hutumika kwa umbali mrefu.

Kufifia kwa mawimbi

LNB ya bendi ya Ku hupokea mawimbi ya gigahezi 10.7 hadi 12.75 na kuyashusha hadi megahezi 950–2150, kwa kuwa masafa ya juu zaidi yangepotea upesi ndani ya kebo. Hata hivyo upotevu hubaki. Kwenye RG-6 ni takriban desibeli 20 kwa kila mita 100 katika megahezi 950, na zaidi ya 30 karibu na megahezi 2150. Kila desibeli 10 zinazopotea huacha sehemu 1 ya 10 ya nguvu. Desibeli 20 huacha sehemu 1 ya 100.

LNB hukuza mawimbi kwa desibeli 50 hadi 60, ndiyo maana kebo ya mita 30 kwa kawaida haileti shida. Kebo inaporefuka zaidi, chaneli zilizo kwenye masafa ya juu ndizo hutangulia kukatika. Televisheni ya kidijitali haififii polepole: picha huwa nzuri, kisha huvunjika vipande na kuganda. Mtambo uliobakiwa na akiba ndogo ya mawimbi huweza kufanya kazi siku ya jua na kukatika mvua inaponyesha.

Kushuka kwa volteji

King'amuzi hutuma volti 13 ili LNB ipokee mawimbi ya wima, na volti 18 ili ipokee ya mlalo. Volti 18 zikishuka sana njiani, LNB huweza kuzichukulia kama 13, na chaneli zote za mlalo hupotea ilhali za wima zinaonekana vizuri. Tatizo hili mara nyingi hudhaniwa kuwa ni LNB mbovu au dishi lililosogea.

Kebo nyingi za bei nafuu zina waya wa kati wa chuma uliopakwa shaba. Mawimbi ya masafa ya juu hupita kwenye ngozi ya waya tu, hivyo hayaathiriki sana. Umeme wa LNB hupita kwenye waya mzima, na chuma huukinza. Mita 100 za RG-6 ya shaba tupu zina ohmu 2 hivi katika waya wa kati. Za chuma kilichopakwa shaba huweza kufika ohmu 10. Sumaku hutofautisha: hunasa waya wenye chuma, hainasi shaba tupu.

Ufungaji

* Kama inawezekana, dishi husogezwa karibu na nyumba badala ya kurefusha kebo.
* Kikuza mawimbi (busta) hufungwa karibu na dishi. Kikifungwa karibu na king'amuzi, hukuza mawimbi yaliyokwisha kudhoofika pamoja na kelele zake.
* Kebo iwe kipande kimoja. Kila kiungo huongeza upotevu na kuwa njia ya maji.
* Konekta za nje huzibwa zisiingize maji, na kebo huachwa ining'inie kidogo chini ya tundu la ukutani ili maji yadondoke nje.
* Kebo haikunjwi kwa pembe kali wala kupigwa misumari, kwani kihami kikibonyea impedansi hubadilika.
* King'amuzi huzimwa na kuchomolewa kwenye umeme kabla ya kufunga konekta. Uzi mmoja wa ngao ukigusa waya wa kati huleta shoti.
* Nguzo ya dishi na ngao ya kebo huunganishwa na ethi ya nyumba. Ethi hupunguza madhara ya radi, lakini haiyaondoi kabisa.